Jina la Ukoo Ambalo Hatuna

Nyamirambo, Kigali
9 Novemba 1993

Mpendwa mdogo wangu Muhire,

Assalaam alaykum. U hali gani huko Dar es Salaam? Wifi yangu Kayitesi amepona malaria? Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mama anakohoa kidogo, lakini nguvu za kugombana na majirani bado anazo, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Disketi zako zilifika salama. Nilizipeleka kazini kwangu zahanati siku hiyo hiyo, nikamweleza mkurugenzi wetu Théoneste kwamba ni programu ya kadi za wagonjwa, umeiandika mwenyewe, huitozi chochote, na kila mstari wake unasomeka na kubadilishika. Alizishika kwa vidole viwili kama samaki aliyeoza. "Kitu ya bure haiko sérieux, ni muchezo tu," akasema. "Hata boîte haina!"

Yeye alikuwa ameshaagiza yake kutoka Ubelgiji, yenye hiyo boîte, yaani sanduku. Ungeliona hilo sanduku! Kitabu kinene cha Kifaransa, muhuri wa dhahabu, na onyo kwamba programu haifunguliwi na yeyote ila walioitengeneza. Alilitembeza zahanati nzima kama bwana harusi. Na mtu huyu kompyuta hajui hata kuiwasha. Huniita nimwashie, kisha husimama nyuma yangu akikohoa kikubwa.

Sasa sikia. Programu hiyo humtambua mtoto kwa jina la ukoo na mwaka wa kuzaliwa. Sisi tuna jina la ukoo tangu lini? Huku kila mtoto hupewa lake. Théoneste akaamuru tuandike la baba. Mwanangu Mutoni akawa Habimana, 1989. Wiki mbili baadaye akaja mvulana anaitwa Cyusa, baba yake naye Habimana, naye wa 1989. Kina Habimana Kigali hii hawahesabiki. Programu ikadhani ni mtoto yule yule, ikaandika kadi ya Cyusa juu ya kadi ya Mutoni. Likafutika onyo kwamba binti yangu hachomwi penisilini. Unakumbuka nilivyokuandikia mwaka jana, alivyovimba kwa sindano hiyo hadi pumzi ikambana.

Mwezi uliopita koo lilimuuma, akapanda homa. Muuguzi Pudentienne alisoma kadi, hakuona onyo, akavuta dawa kwenye sindano. Mimi nilikuwa chumba cha pili, kwenye kompyuta. Nilisikia Mutoni akilia, nikaingia, nikaona kichupa mezani, nikamdaka Pudentienne mkono kabla sindano haijaingia.

Théoneste alipowapigia simu wauzaji, walijibu kwamba programu haina kosa, kosa ni la majina yetu. Na yule mjinga akaitikia kwa kichwa, kwenye simu! Kisha akaniambia, "Wewe badilisha jina ya mutoto, tuendelee."

Nikazirudia disketi zako. Usicheke bado, bwana mkubwa. Nilipofungua yako, swali la kwanza: jina la ukoo! Miaka sita tu ya Dar es Salaam, umeshasahau kwamba mimi na wewe tumbo moja hatuna jina moja? Nilikudharau wewe pia, nakwambia wazi. Lakini yako ilifunguka. Nilichapa mistari yote, nikaisoma jikoni pamoja na maelezo yako, nikaupata huo mstari, nikaufuta. Sasa inauliza jina la mtoto, la baba na la mama. Ilinichukua siku nne, kisha nikaiweka kwenye kompyuta ya zahanati mahali pa ile ya sanduku.

Théoneste amesema kufikia Jumamosi nirudishe programu yake kwenye mashine au nibaki nyumbani. Sirudishi. Pudentienne naye amemwambia usoni kwamba hachomi mtoto kwa kadi za sanduku. Sanduku lenyewe tunaweka birika la chai juu yake. Kazi hiyo linaiweza.

Msalimie sana Kayitesi, na shangazi Athanasie ukimwona. Mungu awafunike kwa rehema zake, na akurudishie kumbukumbu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikugombeza,
Kabagwira

Nyongeza: Humu bahashani nimetia kadi ya kwanza niliyoichapa kwa programu yako. Nakala yake Pudentienne ameibandika ukutani, pale anapovutia dawa kwenye sindano. Imeandikwa: Mutoni, mtoto wa Habimana na Kabagwira, hachomwi penisilini. Jumamosi nikifukuzwa, sitakuwepo tena chumba cha pili kumdaka mtu mkono.