Sahihi ya Mwenye Gari

3 Februari

Mwanangu,

Salamu zako za mwaka mpya zilifika, marahaba. Hatujambo, isipokuwa goti la mama yako, ambalo sasa ndilo linalompangia saa za kusimama na saa za kununa. Tueleze afya yako kwa ukweli. Mara ya mwisho ulikohoa kwenye simu, ukadai ni mtandao.

Gari lako la mizigo limepata mnunuzi. Ni mwoka mikate kutoka ng'ambo ya mpaka, mtu mpole, mikono yake haiishi unga. Nimempa neno langu. Angekuwa raia wa hapa, ningetia sahihi kwa niaba yako na kazi ingekwisha. Kwa kuwa gari litatoka nje ya nchi, utaratibu ni mwingine: lazima kwanza lifutwe kwenye daftari la magari, na fomu ya kulifuta itiwe sahihi na mwenye gari mwenyewe, mbele ya ofisa. Mwenye gari ni wewe. Fomu hii hapa. Nenda ubalozini kwetu, utie sahihi huko, uirudishe upesi. Usitumie kalamu ya buluu.

Baba yako

17 Februari

Shikamoo Baba, shikamoo Mama,

Mimi mzima. Kikohozi kimekwisha, na safari hii si mtandao. Mama mpe pole ya goti. Alikande kwa maji ya moto na aache kupanda ngazi za jirani kufuata umbeya.

Fomu nimeijaza, kalamu nyeusi. Ila Baba, ubalozi uko mji mkuu, na mimi niko mbali. Ni kupanda treni na kuomba ruhusa kazini, na msimamizi wetu hapa boharini ana sura ya mlango uliofungwa. Kwa hiyo nimetia sahihi hapa chumbani, na kinyozi ninayepanga naye ametia yake kama shahidi. Amegonga na muhuri wa duka lake, ili karatasi ipendeze. Naomba uipeleke hivyo hivyo. Nusu ya makarani wa idara ya magari uliwafundisha kazi wewe, watakuelewa.

Mwanao

2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako amekasirishwa na habari ya ngazi, kwa hiyo ni kweli.

Nilikwenda idarani na fomu yako. Karani aliyenipokea nilimfundisha kupanga mafaili alipokuwa mgeni wa kazi. Aliusoma muhuri wenye picha ya mkasi, akacheka hadi akafuta macho. "Mzee, hii tutaimeza tu," akasema, akaunyanyua muhuri wake. Nikaichukua fomu mezani kabla hajaugonga. "Sasa Mzee, mbona unajifungia mlango mwenyewe?" Nikamjibu kwamba gari likikamatwa upande wa pili, atakayelala rumande ni mwoka mikate wa watu, si kinyozi.

Nakuletea fomu nyingine. Mnunuzi bado yuko nyumba ya wageni, na kila asubuhi anakuja kuliosha gari ambalo si lake. Kibali chake cha kukaa hapa kinakwisha mwisho wa mwezi, naye amekataa kuzidisha hata siku moja. Nampenda kwa hilo. Mtu anayejificha katika nchi ya watu bila kibali hana tofauti na mwizi aliyejibanza chumbani mwa mwenye nyumba.

Omba ruhusa kazini. Panda treni. Usinifanye mwongo mbele ya mgeni.

Baba yako

13 Machi

Shikamoo Baba,

Barua hii ni yako peke yako, Mama usimsomee. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Mtu anayejificha katika nchi ya watu ni mimi. Kibali changu kilikwisha mwaka jana. Mwajiri alisema anakishughulikia, kila nikiuliza anakishughulikia, mpaka nikaogopa kuuliza. Mtaani kwetu hakuna anayejali. Lakini kwenye vituo vya treni kuna askari wanaokagua karatasi, na asiyekuwa nazo haruhusiwi kurudi kuchukua begi. Tulikuwa watatu chumba hiki. Mwenzetu alikwenda kituoni kumpokea shangazi yake. Viatu vyake bado viko chini ya kitanda.

Sikukwambia kwa kuwa nilijua utasema nini. Sasa umeshasema, bila hata kujua unamwambia nani.

Jumatano nakwenda. Kinyozi ameninyoa vizuri. Anasema mtu nadhifu hasimamishwi. Ana maneno huyu.

Mwanao

Jumatano, 18 Machi
Nje ya kituo

Shikamoo Baba,

Nimefika ubalozini na nimetoka. Ofisa ni mama wa makamo, mkali kama wewe. Akaniuliza, "Hili gari lina nini mpaka uhangaike hivi?" Nikamwambia halina kitu, lina baba. Hakucheka, lakini muhuri aliugonga taratibu, ukanyooka. Utaupenda.

Naitumbukiza bahasha kwenye sanduku la posta kabla sijaingia kituoni. Mlangoni wamesimama askari wawili na mbwa. Asubuhi hawakuwapo. Nasubiri watu wawe wengi nipite katikati yao. Mama namsalimu sana.

Mwanao

25 Machi

Mwanangu,

Usiende. Barua yako ya tarehe 13 imefika leo. Simu yako haiiti. Achana na fomu, achana na gari. Mwoka mikate nitamwambia mimi. Kaa ndani. Usiende.

Baba yako

8 Aprili

Mwanangu,

Nakuandikia kupitia kwa kinyozi, ambaye ameahidi kukufikishia akijulishwa ulipo. Amenieleza kwa simu kwamba Jumatano ile hukurudi. Kitanda chako hajampa mtu.

Fomu ilifika. Haina kasoro. Nilitaka kuichana. Mama yako, ambaye sasa amesoma barua zote, alinishika mkono. "Mwanangu ameifuata huko kwa miguu yake, wewe unaichana umekaa kwenye kiti?" Tangu siku hiyo hasemi nami, ila kuniambia chakula kiko mezani.

Niliipeleka idarani. Karani aliisifu. Vibao vya namba vya hapa vilibanduliwa, na mwoka mikate akaondoka na gari lake siku ya mwisho ya kibali chake. Alipokuwa akiagana nasi aliuliza habari zako, nikamwambia hujambo.

Kila asubuhi nakwenda wizara ya mambo ya nje. Wanasema jina lako bado halijaletwa na wenzao wa huko. Nami nakaa kwenye benchi la ukumbini mpaka wafunge, kwa sababu sijui mahali pengine pa kukaa.

Sasa sikiliza. Wakikuuliza ulifuata nini mji mkuu, usibabaike. Mwajiri usimtaje, wala kinyozi. Sema baba yako alikutuma. Sema uliomba usiende, naye akakutuma tena. Wape jina langu lote, la kwanza hadi la babu, uwaambie waliandike.

Baba yako