Blanketi la Napanangka Mahakamani

Bloodwood Bore,
Eneo la Kaskazini,
Australia.

14 Agosti

Mpendwa Verona, mtoto wa kaka yangu,

Hujambo mwanangu? Na huyo mwanao mdogo ameshaota meno? Nasikia baridi ya Hobart inaingia hadi kwenye mifupa, basi mvalishe soksi hata kama anazivua. Sisi huku tuko salama. Goti langu linalalamika asubuhi tu, na yule mbwa wako mwekundu amezaa tena, safari hii chini ya kitanda changu, bila hata kunibishia hodi.

Tulimzika bibi yenu Jumamosi. Jina lake silitaji, kwetu marehemu hatajwi, unajua mwenyewe. Najua ulivyolia kwa kushindwa kuja, lakini nani angekutaka upande ndege na kichanga? Kwenye simu uliniuliza jambo moja tu, kama Lindsay alifika, na mtandao ukakata kabla sijafungua mdomo. Mnara umelala tangu siku ile. Nitakujibu, ila nitaanzia mwanzo, maana habari hii ukiipata nusunusu utanuna.

Kaka yako Lindsay, kama unavyojua, alishtakiwa kwa kuchukua Toyota ya halmashauri bila ruhusa ili akawavute wajomba zake waliokwama mchangani. Kosa ni kosa, simtetei. Mahakama inayotembea ilipokuja, hakimu wa wakati ule alimpa dhamana kwa sharti kwamba kila siku, jua likizama, awe ndani ya nyumba ya mkewe mpaka kuche. Akamuuliza, umeelewa? Akajibu ndiyo. Sisi tukiulizwa na mtu mwenye tai huwa tunajibu ndiyo ili yaishe tukanywe chai.

Na nyumba ya mkewe ni ya nani? Ya Enid Napanangka, mama mkwe wake! Watu ambao tangu ndoa hawajasemezana, hawajatazamana usoni, wala hawajakaa chumba kimoja, kama mila yetu inavyotupasa kwa wakwe. Na mkewe mwenyewe alikuwa Darwin na mtoto anayetibiwa sikio. Yaani mahakama ilimwamuru kijana akalale peke yake na mama mkwe.

Lindsay akafanya alichoweza. Akawasha moto nje ya uzio wa nyumba ile, akawa analala hapo. Polisi wakaja kukagua, wakamulika vyumba vyote, wakaandika kwamba ametoroka. Akapelekwa rumande Alice Springs. Alikuwa bado huko bibi yenu alipofariki, bibi aliyewalea nyinyi wawili kwa mikono yake, na Lindsay ndiye mjukuu wa kubeba jeneza. Roho iliniuma, nikamtukana yule sajini wa polisi aliyemchukua, tena dukani mbele ya friji la nyama. Sijajuta.

Sasa tumepata hakimu mpya, mama mmoja mfupi anaitwa Farrugia. Aliposhuka kwenye ndege na viatu vyake vyeupe nilimcheka. Simcheki tena. Kabla ya kusikiliza kesi hata moja anakuja kituo cha akina mama, anakaa nasi sakafuni, anauliza habari za kila nyumba: humu analala nani, na nani hawezi kulala humu? Masharti anaandika baadaye. Anasema kwamba mtu ambaye hajahukumiwa hatakaa rumande kwa sababu tu mahakama ilisahau kuuliza. Nilitamani kumkumbatia.

Kesi ya Lindsay ilipoitwa, mwendesha mashtaka aling'ang'ana kwamba aliyevunja dhamana hapewi nyingine, labda mtu wa nyumba ile aje aeleze. Mtu wa nyumba ile ni mmoja tu. Enid akafika mlangoni, akaona Lindsay yuko kwenye runinga ukutani, wanavyomleta kwa video kutoka rumande, uso mkubwa kama mtabiri wa hali ya hewa, akageuka nyuma.

"Mama, karibu, usiogope," hakimu akasema.

"Haogopi kitu huyo, Mheshimiwa," nikamwambia. "Yule ni mkwe wake. Hawaonani."

"Basi igeuzeni runinga."

Karani akasema waya hazifiki. Enid akavua blanketi alilojitanda, lile la timu yake ya mpira, akalipitisha nyuma kwa mkono bila kugeuka. Ukutani hakukuwa na msumari wa kulitundika. Verona, hakimu alishuka kwenye kiti chake, akashika ncha moja! Ya pili akaishika yule sajini wangu niliyemtukana, nikamwambia, "Inua vizuri bwana, wewe si mrefu?" Akainua.

Nyuma ya blanketi, Enid akazungumza kwa ile sauti ya chini tunayotumia kwa wakwe.

"Yule mtu hakutoroka. Alikaa nje kwa ajili yangu. Angeingia ndani, ningetoka mimi, na mimi ni mzee na nje kuna baridi. Kila nikichungulia dirishani nilikuwa naona moto wake. Polisi wangeniuliza, ningewaonyesha."

"Kwa hiyo, mama, alikuwa nyumbani?" hakimu akauliza, bado ameinua ncha yake ya blanketi.

"Nyumbani kabisa."

Kule Alice Springs Lindsay aliinamisha kichwa, akafuta macho kwa mkono wa shati.

Akaachiwa. Sharti jipya ni kulala kwenye kambi ya wanaume, na wakati wa msiba kukaa walipo wafiwa. Kwa hiyo ndiyo, mwanangu, alifika. Alibeba jeneza upande wa kichwa, akaingia kaburini kumpokea bibi yenu, akampanga vizuri kama mtu anayelaza mtoto. Nililia kwa ajili yako pia.

Baadaye nilimuuliza Enid alipata wapi ujasiri ule. Akanijibu, "We Coral, miaka yote hii namheshimu kwa kunyamaza. Siku moja imefika ya kumheshimu kwa kusema, nishindwe?"

Jana jioni sajini alikuja kukagua. Safari hii hakutoa tochi. Alisimama kwenye uzio wa Enid, akavua kofia, akauliza kwa adabu kijana yuko wapi. Enid hakutaja jina wala hakugeuka. Alionyesha kwa midomo tu upande wa kambi ya wanaume, ambako moto mmoja ulikuwa umeshawaka, na sajini akaandika: yupo nyumbani.

Msalimie mumeo Callum, na mbusu mtoto kwenye nyayo. Kaka yako anakusalimu, mkewe amesharudi kutoka Darwin na sikio la mtoto limepona. Enid naye anakusalimu, na blanketi lake hataki lifuliwe. Bibi yenu awaangalie huko mliko, na nchi yenu iwangoje mpaka mrudi.

Ni mimi nikupendaye hata mnara ukilala,

Shangazi Coral