Yule Aliyetoka Kukimbia

Jumamosi, 4 Mei
Kilomita kumi na nane. Nimerudi nimelowa chepechepe, Kaka yuko dirishani. Akanitazama kuanzia viatu hadi nywele, kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba.
"Dada, hujampita mdogo wangu huko njiani? Mwiba. Ametoka kukimbia."
Mwiba ni mimi. Jina alinipa mwenyewe nilipokuwa na miaka sita, mwembamba, mchokozi. Na hajawahi kuniita dada maishani mwake — hilo ni la wauza duka na wapita njia.
Miezi saba tangu aanguke kwenye ngazi akifunga taa za ukumbi. Mama anamjua. Majirani anawajua. Mimi tu ndiye niliyebadilishwa.

Jumanne, 7 Mei
Mtaalamu wa chama cha waliojeruhiwa ubongo — Kaka anamwita Bi Miwani, naye hakasiriki — amenichorea kwenye karatasi. Sura inapita njia hii. Ile hisia ya "huyu ni wetu" inapita njia ile. Ya pili imekatika. Anaiona sura yangu, moyo haushtuki, akili inatafuta sababu: basi huyu ni mwingine. Sauti ina njia yake, akasema. Tusimkatalie, lakini pia tusimkubalie.
Chama kinamleta kila wiki, bure. Ndiyo maana nakimbia marathoni: kila kilomita ina mtu aliyeahidi kuichangia. Kiwandani kwetu, fundi wa mitambo ya kuchapa amechukua ya mwisho kabisa. Anasema halipii mtu atakayezimia njiani.

Alhamisi, 16 Mei
Nimefanya jambo. Nilisimama kilomita ya kumi na mbili, kando ya ghala la mbao, nikampigia Kaka simu.
Alilia. Alilia kwa furaha! Mwiba, Mwiba, uko wapi. Tukaongea dakika ishirini. Akanitania kuhusu magoti yangu. Kisha akanong'ona kwamba nyumbani kuna msichana anavaa nguo zangu. Si mbaya, amesoma, ana adabu, lakini nisichelewe, maana ameanza kukizoea kitanda changu.
Nikacheka. Nikamwambia niko mbali kidogo, bado nakimbia.
Miezi saba sijaitwa jina langu. Ningesema nini?

Jumapili, 26 Mei
Kila siku sasa. Natoka, nakuwa Mwiba kwa nusu saa, narudi nakuwa yule mwingine. Mezani Kaka ananisimulia alivyoongea na mimi. Anasimulia vizuri, kwa mikono, chakula kinapoa. Leo kasema Mwiba amemwambia kwamba huko aliko barabara ni nyeupe, na kwamba hasikii kiu tena.
Sikusema hivyo.
Na jana, anasema, Mwiba alipiga mara mbili. Mimi nilipiga mara moja.
Mama alikuwa anaosha vyombo. Hakugeuka.

Jumatatu, 3 Juni
Nimemwambia Bi Miwani yote. Hata lile kwamba nimemwahidi Kaka: Mwiba atafika Jumapili, kwenye utepe wa kumalizia marathoni. Hakunifokea. Alifuta miwani kwa ncha ya blauzi, muda mrefu.
"Umemzalia dada wa pili. Sasa utamweka wapi?"
Baadaye tukapanga. Kilomita ya mwisho nimpigie, niongee bila kukata, mpaka nisimame mbele yake nikiwa bado naongea. Sauti na sura zikutane hapo hapo, mbele ya macho yake. Huenda ikashika. Akasema pia huenda isishike, na kwamba ikishindikana, kurudia itakuwa vigumu zaidi.

Jumamosi, 8 Juni
Kaka amenyoa ndevu mwenyewe. Ameniomba, kwa upole kabisa, kesho jioni nitafute pa kulala.

Jumapili, 9 Juni
Nimemaliza. Kilomita arobaini na mbili na kitu. Niandike kwa utaratibu.
Kuanzia ya thelathini kulikuwa na nyayo nyuma yangu. Nikipunguza, zinapunguza. Niligeuka mara tatu: barabara tupu, vikombe vya karatasi. Uchovu. Wote wanasema uchovu unafanya hivyo.
Kilomita ya fundi wangu nikapiga simu. Kaka akapokea kabla haijaita. Nikaongea, napumua, naongea. Naiona kona, Kaka. Naona utepe. Nakuona, umevaa shati la bluu, Mama yuko kushoto kwako. Kaka anacheka, ananyoosha shingo, anatafuta nyuma yangu. Nikavuka. Nikasimama hatua moja mbele yake, simu sikioni. "Ni mimi, Kaka. Nimefika."
Akashusha simu taratibu. Akaangalia mdomo wangu. Sijawahi kuona uso ukiogopa hivyo.
"Dada, sauti yake umeipata wapi?"
Akarudisha macho barabarani. Bi Miwani akanishika bega: nitangulie nyumbani, yeye na Mama watabaki mpaka atulie.
Saa kumi. Niko chumbani, siwezi kukunja vidole vya miguu. Nje mwanga bado mkali. Ujumbe wa Mama umeingia sasa hivi: *Tunarudi. Bi Miwani ameshaenda kwake. Usijali, ametulia. Wote wamechoka tu.*
Wote?
Nimempigia Mama. Hapokei.

Geti. Kicheko cha Kaka — kile cha zamani, cha kifuani, ambacho sijakisikia tangu ngazi. Anaeleza jambo haraka haraka, ananyamaza, anacheka tena, kama anayejibiwa.
Sasa Mama. Kwa ile sauti laini ambayo hadi leo ilikuwa yangu peke yangu: pole na safari, mwanangu, pita ndani, chumba chako ni kile kile.
Ni hiki.
Nyayo ziko kwenye korido. Sijui nikae au nipishe