Herufi Yangu Kwenye Pini

Changamwe, Jumatano, 1947

Ufa wenyewe ni mwembamba kama unywele. Lau si ubishi wangu, tusingeuona.

Leo Mzee Kombo, msimamizi wetu pale karakana, aliijaribu pini ya winchi kwa tupa. Tupa ikateleza bila kuikwaruza.

"Ngumu hii, Daudi. Irudishe kazini."

"Niwie radhi, Mzee, niipake chokaa kwanza."

Akanuna, akaniacha. Niliichovya kwenye mafuta ya taa, nikaipangusa, nikaipaka chokaa, nikangoja. Mafuta yaliyojificha ndani yakachomoza, yakachora mstari mweusi.

Mstari ulianzia kwenye herufi D.

Herufi hiyo ni yangu. Kila pini niliyofua niliigonga D kabla ya kuitia maji iwe ngumu, watu wajue ni kazi ya nani. Wala sikujua kwamba chuma kikishakuwa kigumu hakisamehe jeraha. Mzigo mmoja haukivunji. Lakini kipandishe magunia na kuyashusha kila siku, miezi na miezi, na ufa utajitafunia njia papo hapo palipojeruhiwa.

Nilimweleza Mzee Kombo yote. Nilidhani atanifokea.

"Ziko ngapi zenye D?" akauliza tu.

"Mbili nyingine, Mzee. Ziko kwenye winchi za Kipevu, juu ya vichwa vya makuli."

Akaenda mwenyewe kusimamisha winchi. Zimeshushwa zote mbili. Moja ilikuwa imeshaanza kupasuka.

Makuli wote wamerudi makwao salama. Nami nimekula, nikashiba.

Kesho nafua pini tatu mpya. Hakuna atakayejua ni kazi ya nani.