Nyapara Anaupenda Wimbo Wako

Akoth, rafiki yangu,

Nimekasirika, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, kama siku zote. Tangu kichomi kikuchukue umelala kaburini hapa Kericho, mbali na ziwa lenu, na sasa nyapara wetu anaimba wimbo wako. Yeye mwenyewe. Anapita kati ya mistari ya chai, fimbo kwapani, anatikisa kichwa. Ati wimbo mtamu.

Santuri imefika. Ni ile uliyomwimbia yule mzungu aliyekuja na lori la mashine za kunasa sauti, katika chumba cha nyuma cha duka la Mhindi, kuta zikiwa zimefunikwa mablanketi. Mwenye duka anaipiga kila Jumamosi na baraza linajaa watu. Mara ya kwanza nilijifunika leso usoni nikalia. Mara ya pili nikasikiliza vizuri, nikaona kuna kitu hakimo.

Wimbo huo ulizaliwa nikiwa kichaka cha pili kutoka kwako. Nyapara alikuwa amekataza maneno wakati wa kuchuma. Akiwa karibu ulinong'ona, midomo haifunguki: "Inama, dada, inama." Akishavuka kilima, uliinua uso ukaachilia: "Simama!" Wanawake wa ng'ambo ya bonde waliitikia, na mimi mwili ulinisisimka kila siku, hata siku za mvua ya mawe.

Kwenye santuri, inama na simama zina ukubwa mmoja.

Najua kwa nini, nilikuwepo. Jaribio la kwanza liliharibika. Mnong'ono wako ulimezwa na mkwaruzo wa ile sahani ya nta ya kunasia sauti, na ulipopaza sauti sindano iliruka ikakata njia ya jirani. Karani wake akatutafsiria kwamba njia za sindano ni nyembamba na zimebanana. Mzungu akaikwangua ile nta, akashika kidude chake cha kuzungusha, kama kile cha kupandisha utambi wa taa ya chemli. Uliponong'ona alipandisha sauti. Ulipopaza alishusha. Wewe ukacheka, ukaniita dada kwa Kijaluo chenu, "Wacha azungushe, nyaminwa, bora dada yangu kule ziwani anisikie." Sina ugomvi na mtu yule. Bila mkono wake leo tusingekuwa na sauti yako hata tone.

Ugomvi wangu ni na hawa walioifanya santuri kuwa Biblia. Wasichana ambao hawakukuona wanajifunza dukani, wanaimba sawasawa mwanzo mpaka mwisho, uji uliopoa. Wanaimba hivyo mbele ya nyapara na anafurahi, maana anasikia wimbo wa kuinama tu. Nilipowasahihisha, mmoja akaniambia kwa heshima zote, "Mama, umekosea. Santuri haiimbi hivyo." Mimi! Niliyekuwa kichaka cha pili kutoka kwako!

Basi ikaja Jumapili ya kukuombea. Mwalimu wa kanisa akaniomba niongoze wimbo wako, lakini kama ulivyo kwenye santuri, sauti moja, kwa sababu nyumba ya Mungu si soko na nyapara atakaa mbele. Nikasema ndiyo, mwalimu. Nilimdanganya, Akoth, na sijaenda kutubu.

Nilianza chini kabisa. Watu wa nyuma wakanyoosha shingo. Nyapara alikuwa anagonga mguu, akapoteza mdundo kwa sababu hakunisikia. Nikakaa hapohapo na inama yangu mpaka kanisa zima likawa kimya. Nikasema liwalo na liwe, nikaitoa simama kutoka tumboni.

Wale wasichana nyuma yangu walishtuka. Kisha wakaelewa, niliwasikia wakielewa, na simama ya pili wakaitoa pamoja nami. Hakuna aliyewaambia wanawake wainuke kwenye mabenchi. Waliinuka. Nyapara akabaki ameketi katikati yao na fimbo yake.

Jumatatu alinitoa kwenye kuchuma, akanipeleka kung'oa magugu ya sangari chini mtoni, peke yangu. Anafikiri amenipunguza. Mgongo unauma, na nina hamu nawe mpaka nashindwa kula, lakini jioni akina mama wanapita nyumbani wakiniuliza ulikuwa unavuta pumzi wapi, ukifungua kinywa vipi. Nawaonyesha. Akitaka anifukuze shambani kabisa, kwetu Kisii si mbali na nitarudi kwa miguu nikiimba.

Binti yako Anyango yuko kwangu, anakula, anakua. Ameanza kuniuliza kuhusu wimbo wa mama yake. Nakuahidi hataupokea dukani, ataupokea kwangu. Kwaheri, nyaminwa, pumzika. Kunong'ona sitamfundisha, shamba hili litamfundisha lenyewe. Mimi nitaanza na kupaza sauti.

Nyaboke wako