Mshelisheli wa Shangazi Ianthe

Brooklyn, Jumapili

Shangazi Ianthe,

Nimefurahi kusikia mguu umepona na mbuzi amezaa mapacha. Karatasi zangu za kuingia Grenada ziko tayari: pasipoti ya Marekani, tiketi, jina la hoteli. Penye sababu ya safari nimejaza "utalii". Jirani yangu Cuthbert, mtu wa huko huko kwetu, akaangua kicheko: "Mtalii wewe? Na kitovu chako kimezikwa chini ya mshelisheli wa shangazi yako!"

Sikucheka. Uliwatangazia majirani kwamba narudi kuishi moja kwa moja, nami kwenye simu sikukusahihisha. Mtalii haingii bila tiketi ya kuondoka, Shangazi. Yangu ni ya wiki moja. Chumba umekipaka rangi kwa ajili ya anayerudi, nitalalaje humo?

Usije kunipokea uwanja wa ndege. Nitakuja mwenyewe, nibishe hodi kama mgeni.

Wako uliyemlea,
Merlene