Usikate, Kunja Tu

Chumba cha Cherehani,
Nyumbani kwa Mama.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako. U hali gani, mwanamke wewe? Kifua je, kimetulia au bado kinapiga filimbi asubuhi? Shemeji hajambo? Na baridi ya huko imepungua? Sisi hapa ni wazima wa mwili. Tunakula, tunalala, tunaamka. Mengine usiniulize sasa, kwa sababu ndiyo ninayotaka kukuandikia, na nikiyajibu hapa mwanzoni kalamu itanishinda.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu nimejaribu mara tatu. Nikisikia sauti yako naishia kukueleza habari za mvua na bei ya nyuzi. Karatasi ni afadhali, haiwezi kuanza kulia kabla yangu.

Nianze na picha yako. Ilifika kwenye simu ya Kaka Brashi wiki moja baada ya mazishi. Shangazi Redio aliiwahi, unamjua, akaitangazia nyumba nzima: "Mwenzenu kanawiri! Hebu tazameni mashavu hayo!" Watu wakaizungusha simu, na nyumba ya msiba ikapata kicheko chake cha kwanza. Ilipofika zamu yangu nikayatazama mashavu yako, nikarudisha simu, nikaingia chumba cha cherehani nikafunga mlango. Wakadhani namlilia Mama. Nilikuwa nakulilia wewe.

Nilikwambia Mama ameanguka na kwamba ni uzee. Si kweli, ingawa siku ile sikujua kuwa nadanganya. Mtu wa miaka sitini na sita hafi kwa uzee, eti kwa kushuka kibao cha kupimia nguo. Naomba unisome mpaka mwisho, ujue ilivyokuwa na mkono wangu ulivyohusika, halafu unihukumu mwenyewe.

Unalikumbuka lile gauni la bluu? Nililishona mwaka ulipoondoka, na Mama akalivaa kukusindikiza. Mlisimama mabega sawasawa, milingoti miwili, na mimi niliyemrithi Baba kwa ufupi nikiwa katikati nimebebeshwa mikoba. Akaweka ahadi kwamba kila mwaka, mwezi uleule, atalivaa apigwe picha utumiwe. Mwaka wa kwanza liliishia kwenye kifundo cha mguu, kama nilivyolikata. Mwaka wa pili liligusa sakafu kidogo. Mwaka wa tatu likawa linaburuza.

Sasa sikia mtu mwenye akili zake alivyofanya. Mimi, Fundi Pima-Tena, ninayewachosha wateja kwa kuwapima mara mbili mbili, nilibeba gauni mpaka dukani kwa muuza vitambaa nikamgombeza mbele ya wateja wake. Nilimwambia kitambaa chake kinalegea, kikitundikwa kinarefuka. Maskini akalishika, akalivuta huku na huku, akasema kitambaa hiki hakivutiki hata ukimfungia ng'ombe. Nikamwona mjeuri. Nikarudi nyumbani, nikamsimamisha Mama kwenye kibao, nikachukua mkasi.

Mama akaushika mkono wangu. "Usikate, kunja tu," alisema. "Mrefu wetu akirudi atalivaa." Basi nikakunja. Mwaka uliofuata nikakunja tena, na mwaka uliofuata tena. Akawa ananitania kwamba nimechoka kuwa mfupi peke yangu, ndiyo maana namvuta chini tulingane. Tulicheka sana, Kitinda. Sasa nikikumbuka kicheko kile nahisi kuchomwa.

Na vile vidonge vidogo vyeupe vya kifua alivianza mwaka huohuo ulipoondoka. Kifua kilimbana vibaya, daktari akamwandikia, akamwambia arudi baada ya wiki mbili. Hakurudi, kwa kuwa pumzi ilirudi. Mama aliyekuwa akipumzika mara mbili kwenye ngazi zetu kumi na moja alianza kuzipanda akiimba. Nani angeacha dawa ya namna hiyo? Kila vilipokwisha nilikwenda mimi duka la dawa na pakiti tupu mkononi, muuza dawa akasoma jina, akanipa nyingine. Hakuuliza, sikuuliza, na miaka sita ikapita hivyo. Nilijiona mtoto mwema, kwa sababu sikumwacha akose hata siku moja.

Akanenepa. Uso ukawa mviringo, tumbo likatangulia, shingo ikajaa kwa nyuma. Shangazi akatangaza kwamba wifi yake anatunzwa na bintiye, nami nikavimba kichwa. Nikawa nalegeza kiuno cha gauni huku nakunja chini. Mikono na mapaja yalikuwa yanakonda. Hilo nililiona pia, nikabana mikono ya gauni ikae vizuri. Mgongo ulipoanza kumuuma na kujikunja, tukasema ni kuinamia beseni la nguo, nikawa namkanda kwa maji ya moto.

Ulipotuambia kwamba unakuja mwezi wa nne, Mama hakutulia mpaka gauni litolewe kabatini. Ilikuwa saa nne asubuhi, dirisha wazi, cherehani imetulia. Alipanda kwenye kibao kile cha urefu wa shubiri moja, nami nikapiga magoti na pini mdomoni, nikazungusha pindo la nne. Nikamwambia tayari, shuka. Akashusha mguu wa kulia. Hakuteleza wala hakujikwaa, maana nilikuwa palepale chini na niliuona mguu ukigusa sakafu. Ukatoka mlio mdogo, kama uzi mnene unapokatika, akaniangukia mabegani.

Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimesikia kitu kimechanika, mwanangu. Si gauni hilo?"

Nami nikalikagua gauni kwanza. Mungu anisamehe, Kitinda, nililikagua gauni kwanza.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Upasuaji ulisubiri kifua kitulie, na kifua hakikutulia kwa sababu ya kulala chali. Siku ya kumi akapata homa ya mapafu, siku ya kumi na mbili akatuacha, asubuhi, Kaka akiwa amemshika miguu. Alikuwa akiuliza jambo moja tu, kama umeshapata ruhusa ya kusafiri. Nilimwambia umeshapata, uko njiani. Najua karatasi zako zilikuwa bado, na najua ulivyohangaika. Nilitaka tu afumbe macho akikusubiri.

Siku chache baada ya mazishi, kabla picha yako haijafika, nilirudi hospitali kumtafuta daktari wa mifupa, mwanamke mfupi kama mimi na mwenye haraka kuliko mimi. Alinionyesha picha ya mgongo wa Mama. Pingili nne zilikuwa zimebonyea, na akasema kila moja ilivunjika kivyake, kimyakimya, katika miaka ileile tuliyokuwa tukimkanda. Kisha akaiona tepu ya kupimia shingoni mwangu, maana nilikuwa nimetoka kazini moja kwa moja, akaamua kunieleza kwa lugha yangu.

Mfupa si jiwe, alisema. Ni kitu hai, kila siku unafumuliwa na kushonwa upya. Homoni za kike ndizo zinazomzuia mfumuaji asizidishe. Unakumbuka Mama alipotolewa kizazi pamoja na mifuko ya mayai? Alikuwa na miaka thelathini na tisa tu, na alikuwa akijipepea kwa mfuniko wa sufuria akisema amemeza jiko likiwa linawaka. Sisi tulicheka. Kumbe tangu siku ile mfumuaji alibaki bila msimamizi. Halafu vikaja vidonge, vikamfunga mshonaji mikono.

Daktari hakuvitukana vidonge. Alisema vinaokoa watu, na huenda vilimwokoa Mama. Ila vikikaa mwilini miaka bila mtu wa kuviangalia, vinakula mfupa, vinakula nyama za mikono na miguu, na mafuta vinayahamishia usoni na tumboni. Nikamuuliza mbona alikuwa mnene, si unene unakinga? Akasema mizani inaonyesha uzito, haionyeshi mtu amejengwa kwa nini ndani. Mafuta ya tumbo hayamshiki mtu akishuka kibao. Mwisho akauliza, nadhani bila nia mbaya, kama kuna mtu aliyewahi kumpima Mama urefu katika miaka hiyo.

Yupo, mdogo wangu. Nilirudi nikafungua daftari langu la vipimo, ukurasa wa Mama. Bega hadi kifundo, inchi hamsini na sita. Chini yake hamsini na tano, hamsini na nne, hamsini na tatu. Mwaka huu hamsini na mbili. Kiuno kilianza thelathini na nne, kikafika arobaini na tatu. Mzunguko wa mkono ulianza kumi na mbili, ukaishia tisa. Yote kwa mwandiko wangu, na tarehe, na mstari nimepiga kwa rula. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikishika kwa vidole vyangu, nikakikunja, nikakishonea ndani. Hakuna siku inayopita bila kuufungua ukurasa ule, na sijui nitaacha lini.

Muuza vitambaa alikuja kuzika. Nilipotoka kwa daktari nilimfuata dukani kwake nikamweleza, nikamwomba radhi kwa maneno yangu ya siku ile. Akaniambia, "Natamani kitambaa changu kingekuwa kibovu kweli, fundi." Akafuta macho kwa leso.

Sasa nije kwako, maana kwa Mama nimechelewa. Umerithi mabega yake, na kifua chake pia umekirithi. Mwaka juzi uliniambia kwamba mambo ya mwezi yamekatika ukiwa na miaka arobaini, tukacheka, ukasema afadhali umepumzika. Mwaka jana ukaniambia umepewa vidonge vidogo vyeupe na sasa unapumua kama mtoto mchanga. Nikakwambia usije ukaviacha. Nakumbuka nilivyosema, nilikuwa napiga pasi.

Na leo pia nakwambia usiviache ghafla, lakini kwa sababu nyingine. Daktari alinikazia macho hapo: mwili uliozoea dawa ile ukiikatiza siku moja unaweza kukuangusha vibaya. Ninachotaka ni uende kwa daktari wako na pakiti mkononi. Mweleze umevitumia muda gani na nani anakuongezea. Mweleze na habari ya mwezi kukatika mapema, usione haya, yeye si Shangazi Redio. Mweleze mama yako alivyokufa. Mwambie akupime mifupa, ipo picha maalumu ya kazi hiyo, wala haiumi. Muulize kama dozi yaweza kushushwa polepole, au kama dawa ya kuvuta kwa mdomo itakutosha.

Usiniambie huna nafasi. Usiniambie unajisikia vizuri, maana Mama alijisikia vizuri mpaka saa nne ile. Na mtu akikusifu mashavu, mshukuru, kisha nenda. Nimeshamzika mama kwa ujinga wangu, mdogo mwingine sina.

Nimekutumia kifurushi pamoja na barua hii. Ni gauni la bluu. Jana nilikaa nalo mchana kutwa, nikafumua mapindo matatu niliyoyashona, na zile pini za pindo la nne nikazitoa moja moja. Zilikuwa bado zipo kama nilivyozichoma. Kiuno nacho nimekirudisha kilivyokuwa. Alama za mikunjo hazikutoka hata kwa pasi ya moto, utaiona mistari minne kule chini. Nisamehe kwa hiyo.

Kaka Brashi anakusalimu. Ameanza kupaka rangi chumba cha Mama, akafika katikati ya ukuta akaacha, na ndoo ipo palepale, hakuna anayemwuliza. Shangazi anakusalimu kwa sauti ya juu, kama kawaida. Hili la mashavu nimemweleza, akalia mpaka nikajuta kumweleza, lakini sasa anazunguka mtaa mzima akiwauliza wanawake wanameza nini. Safari hii nimeiachia redio ifanye kazi. Binti yangu anasema shikamoo, na anataka kujua kama huko kuna fundi anayekupima mara mbili. Mpe shemeji salamu zangu, na umsomee barua hii, asiseme hakuambiwa.

Mungu akulinde unapopanda na unaposhuka, akakushike mahali ambapo mikono yangu haifiki.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukuhofia,

Pima-Tena

Nimeifungua tena bahasha. Gauni likifika, livae siku hiyohiyo, bila viatu, usimame wima mbele ya kioo, halafu unipigie uniambie limeishia wapi. Nimelirudisha urefu wako wa siku ile uliyoondoka, kwa hiyo linatakiwa liishie kwenye kifundo. Ukiona linagusa sakafu, usimlaumu muuza vitambaa. Usikate. Na wewe, Kitinda, nakuomba, usikunje.